Mwali Aliyepasuliwa Ganda

Kaeni niwaambie, anayetaka kulia akalie kwao.

Siwema alikosa mtoto, akaenda mbugani kuliomba zimwi. Zimwi likampa kiwavi mwenye milia myeusi na ya manjano. "Mlishe majani. Akijifungia ndani usimfungue, atatoka mwenyewe."

Kiwavi akala, akajivua ngozi, akala, akajivua, akala, akajivua, hadi akawa na kimo cha msichana na sauti ya msichana. "Mama, naingia ndani." Akajining'iniza kwenye boriti, akajifunika ganda la kijani.

Siwema akafurahi: naye ana mwali! Akaalika watu kwa ngoma ya kumtoa siku ya saba, kama mabinti wa wenzake. Mwali mwenyewe hakuulizwa.

Siku ikafika, ngoma zikalia.

"Mwanangu, toka."

"Bado, mama."

Wageni wakanung'unika.

"Mwanangu, toka."

"Bado, mama."

Jirani yake, Bi Zamda, akacheka. "Shoga, una mwali ndani, au umetuitia kifurushi?"

"Toka, unaniaibisha!"

"Bado, mama!"

Siwema akachukua kisu cha mboga, akalipasua ganda.

Akaanguka msichana mwenye mabawa ya rangi ya chungwa, yamelowa, yamekunjamana. Angejisukuma mwenyewe, yangejaa nguvu yakanyooka. Hayakunyooka kamwe. Akatambaa hadi uwanjani, vigelegele vikakatika, na siafu wakamfikia kabla ya mama yake.

Wageni walikula ubwabwa wao, wakaenda zao. Nami nimemaliza, kalaleni.