Silinda Iliyoruka Unywele

Wahenga hawakuwa na mchezo waliposema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Tende hiyo si tunda, ni uvimbe wa mguu: dosari ndogo ukiidharau, hukua hadi ikakulaza kitandani. Kizito wa Rubondo, kijiji cha wakimbizi upande wa Mbarara, aliijua methali hii tangu utotoni kwao Kivu Kusini, lakini aliijua kwa ulimi tu. Kichwa chake kilikuwa kigumu kama kisiki cha mvule.

Kizito alikuwa fundi wa kukereza mbao. Yeye na mkewe Pascaline, wazazi wa Ushindi, waliunganisha kwa gundi vipande vyembamba vya mbao, vyeusi na vyeupe, kisha wakavikereza vikawa mabakuli. Nasimah, mfanyabiashara wa Mbarara, aliagiza mabakuli thelathini ya kuwekea tende za futari. Yakimpendeza, angewapa rafu dukani mwake mwaka mzima. Kwa watu waliouza kazi yao juu ya turubai katika soko la kambini, Base Camp, rafu hiyo ilikuwa kila kitu.

Vipande vilipaswa kuwa na unene mmoja. Kizito akaunda mashine ya kuvisawazisha: silinda ya mti ya kuvikwa msasa, beringi za pikipiki, mota ya kinu kilichokufa, na meza ya kupandishwa kwa skrubu. Kabla ya kuvika msasa, Pascaline alisogeza kipande cha mkaa kwenye silinda ikizunguka. Mkaa ulichora upande mmoja tu.

"Baba Ushindi, inaruka fasi moja," alisema, akimwonyesha mahali penye alama. "Tubandike msasa ku ubao, tuisugue palepale yenye inakaa, mpaka mkaa uguse fasi yote."

Kizito alipandwa na mori. "Mama Ushindi, hii silinda nimeikereza mimi! Miaka mingi niko nakereza! Inaruka unywele moja tu, ni nini?"

"Huo unywele njo utatuua."

"Nyamaza!"

Lo! Fundi mzima, tena mkerezaji, asijue kwamba kitu kilicho duara kwenye kerezo huweza kwenda mrama kikihamishiwa ekseli nyingine, kama ile ya mashine yake! Alijua sana. Majivuno tu yalimziba masikio. Vipande vikatoka na mawimbi madogo, na vilipounganishwa havikukutana. Akavibana kwa nguvu, akaziba nyufa kwa gundi na unga wa mbao. Pascaline alikasirika sana.

Wiki moja kabla ya Ramadhani walishusha mzigo Mbarara. Nasimah alimimina tende katika bakuli la kwanza, akalibonyeza ukingo kwa kidole gumba. Ta! Kiungo kikaachia, tende zikatawanyika sakafuni.

"Ssebo, bwana, hii kitu gani?" alifoka kwa Kiswahili cha kubabaisha. "Mimi nasema bakuli, wewe naleta takataka? Wageni yangu nakula chini? Ondoa yote! Ile rafu napatia mtu ingine."

Kizito alipiga magoti akaanza kuokota. Pascaline hakuinama. Siku hiyo hakumwita Baba Ushindi, alimwita kwa jina kama mtu wa njiani.

"Kizito! Si ulisema unywele moja? Okota sasa unywele yako!"

Kizito akaziokota hadi ya mwisho. Tende alizookota zilikuwa za Nasimah, akamrudishia zote. Tende aliyorudi nayo Rubondo ilikuwa yake mwenyewe, kwani mdharau mwiba mguu huota tende.