Kamera Mbili na Mayai ya Bi Kanga

Paukwa!
Pakawa!
Macho yenu yako wapi?
Moja kwenye hadithi, moja kwako msimuliaji!
Vyema. Msiniamini haraka.

Bi Kanga alitaga mayai kumi na mawili ndani ya kichaka kizito, giza hata saa sita mchana. Akamweka Bwana Fisi ayalinde, kwa kuwa ana nguvu. Jumatatu mayai kumi na mawili. Jumanne kumi. Jumatano manane, na mlinzi ananenepa. Mimi nilishuku. Ninyi je?

"Yakiisha haya, mwaka huu sina mtoto!" Bi Kanga akalia. Akamwita Nguchiro, mpiga picha wa harusi, mwili mdogo, akili nyingi.

Nguchiro akaja na kamera mbili, moja nene, moja nyembamba.

"Mjomba Fisi, chagua ya kulindia. Nyingine naitundika mtini."

"Unanitega wewe!"

"Mimi? Nikutege wewe, mjomba?"

Fisi akazinusa, nusa nusa, akachukua ile nene. "Hako kengine kataona nini gizani?"

Hakujua. Sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, kwenye nene ilikuwa kama punje ya mchele. Kwenye nyembamba ilikuwa pana kama biskuti. Mvua ikinyesha, weka uani kikombe na beseni, kisha niambie kipi kimepata maji mengi.

Alhamisi Fisi akaingia kichakani. Akapiga picha ya kisiki, kacha! Akala yai, fyonz! Akala la pili, fyonz! Na kule mtini Nguchiro naye, kacha, kacha!

Barazani akatoa picha yake. "Mwizi ni Nguchiro, huyu hapa!"

Wanyama wakakodoa. Chengachenga tupu.

"Mbona kama shangazi yangu?" akauliza Kobe.

Nguchiro akatoa yake. Sharubu zote zinahesabika, na kiini cha yai kinachuruzika kidevuni mwa Fisi! Fisi akafukuzwa kwa mawe.

Nguchiro akapewa ulinzi wa mayai sita. Ijumaa yakawa matano. Jumamosi manne. Bi Kanga akadai picha. Akaletewa picha safi, kila jani linaonekana, mwizi hayumo.

Hadithi imefika mlangoni, anayetoka afunge. Funzo lake ni hili: mwenye sensa pana mwaminini kabisa, wala msiulize kamwe ni nani aliyesimama nyuma ya kamera.