Kichwa cha Chewa na Jina la Mtoto

Kisiwani waliishi wanawake watatu wasiokubaliana hata juu ya chumvi ya mchuzi. Bi Shazume alikuwa na jicho: halikumpita jambo, hasa la kumwaibisha mwenzake. Bi Mkasi alikuwa na ukaidi: akishika neno, haliachi mpaka aone mwisho wake. Raya, binti wa Bi Shazume, alikuwa na mikono: alipima samaki katika maabara ya uvuvi mjini, na hakuna aliyewahi kuyapinga majibu yake.

Salha, binti wa Bi Mkasi, aliolewa na Kombo, mwana wa Bi Shazume. Aliposhika mimba, kila mmoja wa wale watatu alitaka kuwa somo wa mtoto: akiwa wa kike, aitwe kwa jina lake. Bi Mkasi alilitaka hilo mpaka likamkosesha usingizi.

Salha akatamani kichwa cha chewa. Bi Mkasi akatafuta chewa wa mwambani, mkubwa kama mto wa kulalia, akampeleka mwenyewe nyumbani kwa Salha, ili mwanawe aone nani anampenda zaidi.

Bi Shazume alipokuja, hakumtazama samaki. Alitafuta kasoro yake. Akamwona paka wake, aliyemtangulia akadokoa ini la samaki, anayumba, mate yanamtoka.

“Mkasi, samaki wako ana sumu.”

“Sumu iko ulimini mwako. Paka wako kazeeka, anatafuta pa kufia.”

“Haya, mpe mwanao. Mie nipo, natazama.”

“Mama, pika tu,” alisema Salha. “Nyie nishawazoea.”

Bi Mkasi alikuwa ameshainjika sufuria. Lakini kupika kungemwachia Shazume neno la kusema mwaka mzima. Akaiepua, akamfunga chewa kwenye barafu, akavuka naye mpaka mjini. Alikwenda kwa Raya makusudi: majibu yakitoka kwa bintiye mwenyewe, Shazume atasema nini?

“Mnanilaza njaa kwa ugomvi wenu!” Salha alikuwa amempigia kelele mlangoni, akitoka.

Raya alisaga kipande cha mnofu, akakikamua mafuta, akayajaribu kwenye chembe hai, zinazokufa zikiguswa na sumu. Mnofu ulikuwa salama. Bi Mkasi akacheka kwa sauti.

“Ngoja, mama,” alisema Raya. “Salha anataka kula mnofu au kichwa?”

Akapima kichwa. Humo sumu ilijaa: ile inayotoka kwenye vijimea vidogo vya mwambani, ikipita kwa samaki wadogo hadi kwa mkubwa. Haina harufu wala ladha, na moto hauiui. Ingemdhuru Salha, na pengine mtoto.

“Ungeweza kuishia kwenye mnofu,” Bi Mkasi alisema.

“Ningeishia hapo, ungeshinda wewe,” Raya alijibu. “Nami nina haki ya kuwa somo.”

Mtoto akazaliwa, wa kike. Siku ya kumpa jina, sheikh alikaa akisubiri.

“Jicho langu ndilo lililoona,” alisema Bi Shazume.

“Bila mimi, mngeusifu mnofu mkala kichwa,” alisema Raya.

Bi Mkasi alimtazama mjukuu wake. “Mimi ndiye niliyemleta yule samaki,” alisema. “Na mimi ndiye niliyemwepua jikoni.”

Kila mmoja alimwokoa mtoto, na hakuna aliyefanya hivyo kwa sababu ya mtoto. Salha amemwinamia sheikh, na mdomo wake umeshafunguka. Nyinyi mnaonisikiliza, mngekuwa Salha, mngemtajia jina la nani?