Mwana Aliyeisafisha Sauti ya Mama

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, mziweke mapajani. Na ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango, tulieni. Sitawachelewesha, najua kuna maharage yameachwa jikoni. Nataka niwape habari ya mtu mmoja na mama yake, halafu kila mmoja wetu ataangalia mwenyewe amekaa upande gani.

Alikuwapo mwandishi mmoja wa habari za redio, katika mji wa nyanda za juu, kule ambako asubuhi hutoki bila sweta. Alikuwa mtu makini kupita kiasi. Wenzake kazini walimwita Bwana Safi, kwa sababu kipindi chake hakikuwahi kwenda hewani kikiwa na kikohozi, wala mlango unaogongwa, wala mtu anayesema "eee" huku akitafuta maneno. Kwake kila kitu kilinyooka.

Bwana huyu alikuwa na kinasa sauti cha minidiski. Naona vijana mnatazamana, basi ngoja niwaeleze. Kabla simu hazijaanza kufanya kila kitu, waandishi wa redio walitembea na kidude kinachotosha mfuko wa shati. Ndani yake unaingiza kisahani kidogo kilichofungiwa kwenye kasha la plastiki, unachomeka maikrofoni, unabonyeza kitufe, kinaanza kuzunguka. Sauti inayotoka humo ni kama mtu amekaa hapo pembeni yako. Redio yake ilipopata vifaa vipya, vile vya zamani vilitupwa stoo. Yeye akaomba kimoja, akapewa pamoja na diski zake.

Na alikitunza! Hakukiweka kabatini hata siku moja kikiwa na betri ndani, maana betri ikisahauliwa humo inavuja na kula vyuma. Sehemu zinazogusana na betri alizifuta kwa pamba yenye spiriti. Diski alizipanga kwenye kopo la biskuti, akatia na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mkewe akikaribia kabati hilo na kitambaa cha vumbi anaambiwa, "Hapo niachie mwenyewe." Mnawajua watu wa namna hii. Wengine nawaona kutoka hapa niliposimama.

Sasa, mama yake alikuwa kijijini, mzee tayari, na ukoo mzima ulikuwa kichwani mwake. Nani alihama kutoka wapi, nani alimwoa nani na kwa nini wazazi walikataa, mpaka wa shamba ulipita wapi kabla watu hawajaanza kusogeza mawe. Mwana akawaza, mama akiondoka, haya yote yataondoka naye. Wazo jema, au si jema? Ni jema kabisa. Akaanza kwenda kijijini na kinasa sauti chake. Mama anakaa kwenye kigoda akichambua mboga, mwana anamsogezea maikrofoni, anauliza, mama anajibu.

Ila mama yule, kama mama zetu wote, hakuweza kusema jambo moja likabaki peke yake. Anaanza habari ya babu alivyovuka mto na ng'ombe wake, katikati anafukuza kuku, anakohoa, anauliza kama mguu wa mkwewe umepona, anacheka peke yake kwa jambo alilokumbuka, anaimba kidogo, anasahau alikuwa wapi. Ndipo anarudi kwa babu. Na babu maskini yuko palepale katikati ya mto, maji yamefika kiunoni, anasubiri.

Siku moja mama alimtazama mwanawe akikipangusa kile kidude, akamwambia, "Baba, hicho kitu chako kina bahati. Kinaogeshwa kuliko wajukuu zangu."

"Hiki ndicho kitakachotunza sauti yako, mama."

"Sauti yangu ina nini cha kutunzwa? Si nakohoa tu?"

"Kikohozi nitakiondoa," akasema mwana. "Usiwe na wasiwasi."

Mama akacheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani. Mwana akirudi mjini alikaa chini kuihamishia sauti kwenye kompyuta, na kazi hiyo, ndugu zangu, haiharakishwi. Kwa kidude kile, mama akiwa amesema saa nzima, nawe utakaa saa nzima. Unachomeka waya kutoka kwenye kinasa sauti hadi kwenye kompyuta, diski inacheza mwanzo hadi mwisho, nawe huna la kufanya ila kusikiliza. Mtu mwingine angesema, asante Mungu, leo nakaa na mama yangu saa nzima.

Yeye alikaa na kidole kwenye kitufe, akikata kwanza kwenye diski ndipo aihamishe sauti. Maana minidiski ilikuwa na uwezo huu: unaweka alama hapa, unaweka alama pale, kipande cha katikati unakifuta, na pande mbili zinaungana usisikie hata kovu. Kikohozi, futa. Kuku, futa. Mguu wa mkwe, futa. Alipofika kwenye wimbo alisita kidogo, kisha akaona hauna uhusiano na historia ya ukoo. Futa. Na kwa kuwa diski mpya hazikupatikana tena madukani, nafasi iliyobaki aliijaza na maneno ya safari iliyofuata. Kilichofutwa hakikuwa tena na pa kurudi.

Je, alikuwa mtoto mbaya? Msikimbilie kusema ndiyo. Ni wangapi humu ndani wana hata dakika moja ya sauti ya mama zao? Alimpenda mama yake, sana. Ila upendo wake ulishika mkasi.

Mama akafariki. Mwandishi yule alikuwa na mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa nyumba ile, aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali kwenye nyumba za watu. Tajiri wake alimkatalia ruhusa. Alilia, aliomba, akakataliwa tena. Alipofika kijijini, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kutitia. Hakumwosha mama yake, hakumfumba macho, hakutupa udongo. Miaka yote ile alimjua kwa simu tu, na simu zenyewe za haraka, akiwa amejificha jikoni kwa watu. Alipoingia ndani aliwekewa chakula, hakukigusa. Alimgeukia kaka yake akasema, "Kaka, niwekee mama."

Hakuwa na kitu kingine chochote, wapendwa. Sauti ile ndiyo ilikuwa maziko yake.

Ndugu wakakusanyika sebuleni mchana ule, wajomba, mashangazi, watoto. Kaka akafungua kompyuta, akachomeka spika, akabonyeza. Mama akaanza kusema. Maneno yamenyooka, jambo baada ya jambo, miaka imepangana, majina yamepangana. Wajomba wakatikisa vichwa, wakasema kazi nzuri, kazi nzuri sana, hii ingefaa hata redioni. Kaka alikuwa akimtazama mdogo wake, akiyangoja machozi.

Machozi hayakuja. Dada alikunja uso kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari akaona aibu kuuliza. Akasikiliza rekodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu akasema, "Kaka, huyu nani?"

"Ni mama."

"Sauti ni ya mama, naijua. Nauliza huyu nani? Mama gani anasema kama anasoma taarifa ya habari? Mbona hachoki? Mbona hapotei? Mbona hapumui, kaka?"

"Nilisafisha."

"Ulisafisha nini?"

Kaka akafungua mdomo, na hapo kwa mara ya kwanza jibu lake mwenyewe likamtia uchungu kabla hajalitoa. "Yale yasiyohusika," akasema, kwa sauti ya chini.

Shangazi mmoja akajifanya anarekebisha kanga. Dada hakugomba. Aliuliza tu, "Hakuna hata moja ambayo hukuigusa?"

Ilikuwapo diski moja, ya safari ya mwisho. Mama alifariki kabla mwana hajapata muda wa kuihamisha. Akaenda kuileta, akatia betri, akachomeka waya kwenye spika, akabonyeza.

Na tazama, mama akaingia ndani ya nyumba! Anakohoa. Kigoda kinalia. Anamfokea paka, anavuta pumzi, anacheka kabla hajasema kinachomchekesha. Watoto wakageuka kuangalia mlangoni. Dada akaweka mkono mdomoni, anacheka na kulia kwa pamoja, mabega yanatikisika, na shangazi akasema, "Ee, huyo sasa ndiye." Kaka naye akalia, hakujizuia, akasema moyoni, asante Mungu, angalau hii moja.

Mama alikuwa anaeleza habari ya shamba la bondeni. Ghafla akaliacha. Wakamsikia anasogea karibu na maikrofoni.

"Baba, kuna kitu nilitaka nikwambie. Huyu mdogo wako aliye mbali. Ukiongea naye, mwambie kwamba mimi mama yake..."

Ikaingia sauti ya mwanamume. Sauti nzuri ya redio, ya upole, haina hata chembe ya hasira.

"Samahani, mama. Hilo tuliweke pembeni kwanza, diski inakaribia kwisha. Tumalizie lile shamba."

Pumzi moja. Kisha sauti ya mama, ndogo zaidi kuliko mwanzo. "Haya, baba. Basi, lile shamba..."

Kaka akanyoosha mkono akazima. Dada akamshika ule mkono.

"Alitaka kuniambia nini?"

"Sijui."

"Baadaye hukumuuliza?"

Mwanamume yule akakitazama kile kinasa sauti, kinang'aa, hakina hata alama ya kidole. "Nilisahau," akasema.

Ndugu zangu, sisi hatuna minidiski. Nyingi zimeshatupwa. Lakini kile kidole cha kukatia tunacho. Mke anaanza kusema, anazunguka kidogo, nasi tunamwambia, "Fupisha, unataka nini?" Mtoto anatoka shule na habari ya rafiki yake aliyeanguka, nasi tunamuuliza, "Mtihani umepata ngapi?" Mzee anapiga simu, anaanza na mvua, anakuja kwenye mbuzi, nasi tunasema, "Baba, niko kazini, nitakupigia." Tunampigia? Hata Mungu tunamkatiza. Tunamsomea yetu, tunasema amina, tunainuka tukipangusa magoti kabla hajasema lake.

Na tunafanya hivyo kwa adabu, hapo ndipo ubaya unapojificha. Yule mwana hakumtukana mama yake. Alisema samahani. Sisi tunadhani dhambi lazima ipige kelele ndipo iwe dhambi, kumbe nyingine inaongea taratibu na kutazama saa.

Yule dada amebaki na swali lake. Hakuna fundi wa kulitafutia jibu ndani ya diski, kwa sababu jibu halikuwahi kuingia humo. Mama alikuwa nalo mdomoni, akalimeza ili asimharibie mwanawe kazi.

Sasa sikilizeni, namaliza. Wengi wenu mama zenu bado wako hai, wengine mmekaa nao benchi moja asubuhi hii. Kuna mtu juzi au jana alianza kukwambia kitu ukamwambia baadaye. Unamjua, umeshamkumbuka hata kabla sijasema. Leo hatutaimba wimbo wa kufungia ibada. Inukeni mwende moja kwa moja mpaka kwake, ukae chini, umwambie, "Nimekuja. Ulitaka kuniambia nini?" Kisha nyamaza mpaka amalize.