Ngurumo na Kitanda cha Ndili

Paukwa!
Pakawa!
Aliyelala?
Aamke!
Mpiga domo?
Atoke nje!

Haya. Na wewe unayecheka huko nyuma, utatoka kweli.

Hapo kale, kale sana, wanyama wakisema na watu wakiwajibu, paliondokea mjane jina lake Kalunde. Mumewe, Ndili, alikuwa mwindaji. Alipofariki alimwachia kitanda alichokisuka mwenyewe kwa kamba za ngozi, na mbwa wake, Ngurumo. Mbwa au ndama, jamani? Akisimama mlangoni, nyumba yote inaingia giza.

Enzi hizo kitanda cha marehemu hakikaliwi mpaka tanga liondolewe, msiba ufungwe. Lakini Ngurumo alikipanda. Asubuhi yuko juu, mchana yuko juu, kajinyoosha kama mkwe aliyekuja kula.

Siku moja Mihayo, mdogo wake Ndili, akaja akamkuta. Akafoka, "Shemeji! Kitanda cha kaka yangu kimekuwa cha mbwa? Sikia. Siku ya kuondoa tanga nikimkuta juu, namfukuzia porini. Sirudii."

Kalunde akawaza. Mbwa yule ndiye aliyefuatana na Ndili kila alikokwenda. Akiondoka, yeye atabaki na nani wa kumkumbuka Ndili naye?

Fisi alikuwa nyuma ya ua, masikio wazi. Mate yakamtoka. Ngurumo akifukuzwa, mbuzi wa Kalunde watalindwa na nani? Akaja na sauti laini na shauri bovu. "Pole, mama. Mbwa husikia fimbo tu. Mtandike."

Kalunde akamtandika. Ngurumo akalia, akashuka. Kesho yake yuko juu.

Fisi akarudi. "Mama, tandaza miiba." Ikatandazwa. Ngurumo akaiondoa kwa meno, mmoja mmoja, akaiweka chini kwa adabu, akapanda. Aliyeikanyaga ni Kalunde.

Fisi akarudi tena. "Mama, mnyime chakula." Akanyimwa. Ngurumo akakonda, mbavu zikatoka nje, na bado yuko juu.

Kalunde akashikwa na hasira. "We Ngurumo, una kichwa cha namna gani? Unataka ufukuzwe?"

Ngurumo akamtazama. "Mama, jioni nani huniita?"



Maana kila jua lilipozama, saa ile Ndili alipokuwa akirudi na pinde zake, Kalunde alipigapiga kitanda kwa kiganja. "Njoo, Ngurumo. Panda." Mbwa akipanda, kamba zinalia kwiii, vilevile zilivyolia Ndili akiketi kuvua viatu. Hapo Kalunde hufumba macho. Harufu ya tumbaku ikamjia, na moshi wa nyama ya porini, akamwona mumewe kabisa, kaketi, anachekea mguu wenye tope.

"Jioni unaniita, mchana unanipiga," akasema Ngurumo. "Nishike lipi? Sema moja, mama, nitalifuata."

Kalunde akaona haya. "Basi ni chini. Mchana chini, jioni chini."

"Chini wapi? Hujanipa mahali."

Kalunde akaitoa ngozi ya pofu, swala yule mkubwa, ile aliyokuwa akijifunika Ndili huko mawindoni, akaitandika kando ya kitanda. Akasema, "Ngozini!" Ngurumo akilala pale, anapewa kipande cha nyama kavu. Akipanda, hapigwi wala hatukanwi. Anashushwa tu. "Ngozini!"

Jioni ikafika. Mkono wa Kalunde ukainuka wenyewe kutaka kupiga kitanda. Akaukamata kwa mkono wa pili. Badala ya kumpandisha mbwa, akainuka kigodani, akaketi naye pale ngozini. Ikawa hivyo kila jioni.

Siku ya kuondoa tanga ikawadia. Wazee wakaja, Mihayo akaja, na Fisi naye akajipenyeza na sura ya msiba. Akamwona Ngurumo katulia ngozini, moyo ukamchoma. Akachomoa mfupa mnono kwapani, akaurusha juu ya kitanda.

Ngurumo akanusa. Masikio yakasimama. Akainuka.

Mihayo akashika fimbo. "Si nilisema?"

Kalunde hakupiga kelele. Akasema lile lile moja, "Ngozini."

Ngurumo akautazama mfupa, akamtazama mama, akalala.

Lakini Fisi! Mfupa uko pale, unang'aa, na hakuna anayeula. Akajizuia, akajizuia, akashindwa. Akaruka juu ya kitanda mbele ya wazee wote. Kwiii! Mihayo akamwangushia fimbo ya kiuno, Ngurumo akamtoa mbio hadi ng'ambo ya mto, Mihayo nyuma yao. Tangu siku hiyo Fisi kiuno kimeshuka, hakijapanda mpaka leo.

Mihayo akarudi anahema, anacheka. "Shemeji, mbwa huyu ana adabu kuliko wageni wangu. Abaki. Na kitanda ni chako."

Wageni wakaondoka. Jua likazama. Kalunde akaketi kitandani kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kamba zikalia kwiii. Ngurumo akainua kichwa, akatazama mlangoni, akakishusha taratibu. Hakupanda.

Kalunde akaitazama nafasi iliyo wazi kando yake. Akaitazama ngozi ya Ndili na mgongo mpana uliolala juu yake.

Akashuka, akaketi naye ngozini.

Mmesikia? Ukimfunza mtu au mnyama, neno lako la mchana liwe ndilo la jioni. Usimwite kwa mkono huu ukampiga kwa huo, halafu ukamwita mkaidi.

Hadithi yangu imeshuka kitandani, imelala ngozini. Anayetaka kuiamsha, kwanza aniletee maji ya kunywa.