Askari Thelathini wa Fisi

Sogeeni niwape kisa cha mwaka ule ambao hata vyura walisahau kuimba. Mvua ilikatika, mashamba yakakauka, na katika nchi ya Mfalme Simba yakabaki maboga arobaini tu ghalani. Mtunza ghala alikuwa Sungura, baba wa watoto saba, na hofu yake ilikuwa moja: maboga yakiisha kabla ya mvua, wanawe watakufa njaa.

Ndipo Fisi, Mkuu wa Ulinzi, akaingia barazani akihema.

"Mfalme, tumekwisha! Nyuma ya kilima kuna Zimwi lenye vichwa vitatu. Nipe maboga yote nilishe askari thelathini."

Sungura akakumbuka pengo ambalo Tembo alilitoboa kwenye ua alipokuwa akijikuna mgongo. Mara tatu alikuwa ameomba lizibwe kwa miiba, ambayo ni ya bure, na mara tatu Fisi alikataa.

"Askari hao wako wapi, Mkuu?"

"Hiyo ni siri ya ulinzi."

"Na hilo Zimwi limeonwa na nani?"

"Siri."

"Maboga nayo yataliwa wapi?"

"Hiyo ndiyo siri kubwa kuliko zote," Fisi akajibu, akimeza mate.

Simba akatikisa manyoya ya shingoni. Mfalme asiye na jeshi huchekwa, na yeye aliogopa kuchekwa kuliko njaa. "Apewe!"

Sungura akainama kwa adabu. "Apewe, Mfalme. Ila kwa desturi yetu askari haapishwi tumbo likiwa tupu. Waingie kupitia pengoni mmoja mmoja, kila mmoja anywe kibuyu cha uji mbele yako, apige saluti, atokee langoni. Wakimalizika wote, nitafungua ghala."

Fisi aliposikia uji, akili zikamhama. Akakubali papo hapo, hata hakuuliza ni uji wa nini. Ulikuwa wa pumba, ule ambao Ngiri mwenyewe aliukataa.

Asubuhi gwaride likaanza. Askari wa kwanza aliingia na kofia ya jani la mgomba, akanywa, akapiga saluti, akatoka mbio. Wa pili alivaa kiota cha ndege. Wa tatu alivaa kiota kilekile, kinyumenyume.

"Mbona wote wananuka sawasawa?" Ngiri akanong'ona.

"Hiyo ndiyo nidhamu ya jeshi," Simba akasema, kifua mbele.

Pumba nayo ikaanza kuumuka tumboni. Askari wa kumi na mbili aliingiza kichwa na mabega, tumbo likagoma. Akakwama, nusu ndani, nusu nje.

Wakati huohuo Kobe, aliyeondoka kwake alfajiri, akafika kwa nje na kukuta njia imezibwa na makalio. Akapiga hodi. Alipoona hajibiwi, akauma mkia kidogo.

"Mama wee! Nani ananing'ata?"

"Ni Zimwi," Sungura akasema. "Na hicho ni kichwa cha kwanza tu."

"Zimwi halipo! Nililitunga mwenyewe!"

"Na askari wangu?" Simba akauliza taratibu.

"Ni mimi, Mfalme. Wote ni mimi."

Baraza zima likaangua kicheko. Simba aliona aibu hadi masikioni, akataka Fisi avutwe apigwe.

"Mwache kwanza, Mfalme," Sungura akamwambia. "Pengo limezibwa, na halijatugharimu hata boga moja."

Fisi alilinda nchi pale siku nne, hadi tumbo lilipopungua, kisha akatimkia kilimani bila kuaga. Sungura akaziba pengo kwa miiba ya bure, na watoto wake wakala maboga hadi mvua iliponyesha.

Siku hiyo ya nne, jioni, Kobe alimaliza kuzunguka ua, akaingia langoni na kuuliza kama gwaride limeshaanza.