Mabembeo Kumi na Tisa

Hapo zamani, si za mbali sana, huko Rungwe palikuwa na kidato cha tatu kisichokuwa na mwalimu wa fizikia. Mwalimu Mwakalobo wa kemia akaona heri wafundishane. Akamchagua Tulinagwe, binti wa mwinjilisti, aliyekuwa akiongoza darasa.

Tulinagwe akafundisha. Jumamosi akafundisha, baada ya kudeki akafundisha, mvua ikapiga mabati asisikike, akafundisha kwa chaki. Wenzake thelathini wakamwita ticha.

Siku ya pendulamu akafunga jiwe kwenye uzi. Akaliachia, akahesabu moja. Likaenda, likarudi, akahesabu mbili. Hivyo hadi ishirini, saa ikipima muda, na vikundi vikafanya vivyo hivyo. Wakakokotoa mvutano wa dunia, na badala ya tisa nukta nane, kila kikundi kikapata karibu kumi nukta nane. Tulinagwe akasema uzi umevutika.

Sekela, aliyekuwa akishika mkia, akanyoosha mkono. "Ticha, hiyo moja ya kwanza ni ya nini? Jiwe si lilikuwa halijaenda popote? Ukifika ishirini, mabembeo si kumi na tisa tu?"

Darasa likacheka. Tulinagwe akajua moyoni kwamba ni kweli, ila kiburi kikamshinda.

"Kaa chini, Sekela. Pata kwanza hata kumi kwa mia, ndipo unihoji."

Sekela akakaa, lakini akamweleza Ambwene, mwenzake wa dawati. Ambwene akaanza kuhesabu kwa sifuri, jibu likaja sawasawa. Akapita kikundi kwa kikundi akiwaelekeza, wala hakumsema Tulinagwe.

Siku mbili Tulinagwe alisali, na sala haikupanda. Siku ya tatu akasimama mbele ya wote.

"Niliwafundisha vibaya. Sekela aliniambia, nikajua, nikamwaibisha. Mnisamehe. Wewe hasa, Sekela."

Mtihani wa vitendo ukaja, wakafaulu wote. Ndipo shule ikapata nafasi moja ya kambi ya sayansi Mbeya, penye maabara ya kweli na walimu wa fizikia. Tulinagwe aliiota kambi hiyo tangu kidato cha kwanza. Mwalimu akasema aende aliyelifaulisha darasa.

Ambwene akasema, "Bila mimi swali lingefia kwenye dawati letu."

Sekela akasema, "Na mimi ningeogopa kuchekwa, ungesambaza nini, kaka?"

Wa nyuma nao wakadakia: kanuni yenyewe walifundishwa na nani? Na nani kati yao angethubutu kusimama na kukiri vile?

Mwalimu akawasikiliza, kisha akamkabidhi Tulinagwe chaki. "Wewe ndiye ticha wao. Andika jina."

Tulinagwe akauendea ubao. Akamtazama Ambwene, akamtazama Sekela, na Sekela akamtabasamulia. Safari hii hakuwa na haraka ya kuhesabu.

Haya, wasikilizaji wangu, chaki hiyo ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani? Aliyefundisha, akakosea, akakiri? Aliyeuliza akachekwa? Au aliyelibeba swali hadi kwa wote? Je, nani alistahili?